Mkono wa mashine ya santuri umeharibika? Namna ya kuurekebisha au kuubadilisha mwenyewe nyumbani

Kabla hujaanza kutafuta mkono mpya wa kununua, tulia kwanza. Mikono mingi inayoambiwa imekufa haijafa, unakuta ni hedisheli imelegea, au waya mmoja umekatika, au kile kimpira cha kwenye uzito wa nyuma kimezeeka na uzito umeinama, na vyote hivyo unavimaliza mezani kwako jioni moja bila kununua mkono. Mkono uliokufa kweli ni ule uliopinda bomba au ulioharibika beringi, hapo ndo tunaongelea kubadilisha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuujua ugonjwa, bisibisi itasubiri.

Tuelewane majina kidogo manake kila mtu anaita anavyojua. Mkono ni lile bomba lote linalobeba sindano. Mbele kuna hedisheli, hiyo ndo inashika katriji, na katriji ndo yenye sindano. Kwenye shina kuna beringi, seti moja ya kupanda na kushuka na nyingine ya kwenda kulia na kushoto. Nyuma kuna uzito wa kuzungusha. Pembeni ya shina unakuta lifti ya kunyanyulia mkono na kitufe cha antiskeiti, kazi yake ni kuuvuta mkono kidogo kwenda nje kwa sababu santuri ikizunguka inauvuta kwenda ndani. Na ndani ya bomba zinapita waya nne nyembamba kuliko uzi wa kushonea, hizo ndo zinazowatoa watu jasho.

Vifaa sio vingi: bisibisi ndogo za saa, kibano, multimita (mita ya kupimia umeme), pasi ya solda yenye ncha nyembamba (wati 25 zinatosha sana), solda nyembamba, spiriti safi na pamba za masikio, njiti za meno, taa kali, kimizani cha kupimia uzito wa sindano na protrakta ya karatasi (ya kunyooshea katriji). Kimizani usikiruke. Namba zilizochorwa kwenye uzito wa nyuma zinasaidia ila kwenye mashine ya zamani usiziamini kichwa kichwa.

Kuanza

Chomoa umeme ukutani, sio kuzima tu kwenye swichi, kwa sababu mashine nyingi zina transfoma humo ndani na ule upande wa umeme mkubwa unabaki hai hata swichi ikiwa imezimwa. Piga picha za kila kitu kabla hujagusa, juu na chini, hasa rangi za waya zimekaa wapi. Kwa vipimo vya mwanzo sindano ibaki mahali pake ila ukianza kufungua vitu ivue kabisa, kama hedisheli inatoka itoe nzima uiweke mbali, manake bisibisi ikiteleza mara moja tu sindano imeenda.

Sasa pima beringi, hiki ndo kipimo kinachoamua kila kitu. Weka antiskeiti kwenye 0, toa kifuniko cha sindano, zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe usawa, haupandi wala haushuki. Usukume kwa pumzi au kwa kipande cha karatasi, uende kutoka kwenye kishikio (pale mkono unapopumzika) mpaka karibu na katikati ya sahani, ile inayobeba santuri. Unatakiwa uteleze bila kusita popote. Ukisimama sehemu ile ile kila mara, kuna uchafu au beringi imechubuka, au waya unavuta pale kwenye shina, hilo la waya watu wanalisahau. Alafu ushushe kidogo kwa kidole na uachie, ucheze juu chini taratibu na urudi pale pale ulipokuwa. Ukirudi mahali tofauti kila saa, msuguano upo.

Baada ya hapo shika hedisheli kwa vidole viwili, mkono wako mwingine ushike kitako cha shina, tikisa kidogo sana mbele na nyuma, alafu upande upande. Ukihisi mtikiso fulani kwenye vidole, kuna kitu kimelegea. Ila usikimbilie kusema beringi, kaza kwanza pete ya hedisheli na angalia uzito wa nyuma, hivyo viwili vinadanganya sana. Na kuna mikono inayotikisika kwa sababu imeundwa hivyo, ile inayokaa juu ya ncha moja tu, au ile ya SME 3009 ya zamani ambayo inakaa kwenye makali ya kisu badala ya gololi, hizo ukizikaza ili zisicheze unaziharibu.

Beringi zikilegea

Mkono wa kawaida una skrubu ya ncha kali kila upande wa shina, na juu ya skrubu kuna nati ya kufungia. Legeza nati kwanza, alafu skrubu uizungushe kidogo sana, yaani hata robo ya mzunguko ni nyingi, jaribu kutikisa, zungusha tena kidogo, jaribu tena. Unatafuta ile sehemu ambapo kutikisika kumeisha lakini mkono bado unaelea bila kukwama. Ukipita hapo unazibonyeza gololi kwenye njia zake na zinaacha mashimo, na mashimo hayo hayatoki. Ukishapata shikilia skrubu isigeuke wakati unakaza nati, alafu rudia kipimo cha kuelea manake nati ikikazwa huwa inabadilisha kidogo.

Mafuta usitie. Najua mkono unashawishi sana kupuliziwa kale ka-dawa ka kulegezea kutu, usifanye hivyo, beringi hizi ni ndogo mno, mafuta yanakusanya vumbi na yakizeeka yanakuwa gundi. Kama ukizungusha unahisi mchanga mchanga hata baada ya kurekebisha, hapo zimeisha. Unaweza kubadilisha gololi kama unazipata za saizi hiyo hiyo lakini kusema ukweli kwa mtu wa nyumbani ni bora kutafuta mkono mwingine.

Upande mmoja hausikiki

Hili ndo tatizo la kawaida kuliko yote. Anza na lililo rahisi: geuza jeki za RCA kwenye amplifaya, ya kushoto iende kulia. Ukimya ukihama upande, tatizo liko kwenye mashine. Ukibaki pale pale, tatizo ni amplifaya au spika na mkono wako mzima kabisa, funga uende kulala.

Kama ni mashine, toa hedisheli, safisha vile vipini vinne vya nyuma yake kwa spiriti na pamba, na zile ncha za ndani ya mkono zinazojisukuma kwa springi zibonyeze moja moja kwa njiti ya meno uone kama zote zinarudi. Mara nyingi moja imekwama ndani kwa uchafu, ukiifungua sauti inarudi na kazi imekwisha.

Ikishindikana chukua multimita, weka kwenye omu. Katriji iwe imetoka kabisa, usije ukapima waya huku katriji imeunganishwa kwa sababu mkondo wa mita unaweza kuziumiza zile koili nyembamba za ndani. Rangi ni hizi karibu dunia nzima: nyeupe ni sauti ya kushoto, bluu ni hasi ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia, kijani ni hasi ya kulia. Pima kutoka ncha ya mkono mpaka kwenye jeki ya RCA, nyeupe na nyekundu zinaenda kwenye kipini cha katikati, bluu na kijani kwenye pete ya nje. Usome omu chache tu. Alafu usiishie hapo, ukiwa bado umeshikilia ncha za mita mwambie mtu akusaidie kuusogeza mkono polepole kutoka kwenye kishikio mpaka katikati. Namba ikiruka ghafla au ikipotea sehemu fulani, waya umekatika pale kwenye shina, ndipo zinapokunjwa kila siku. Waya wa hivyo ukiupima mkono ukiwa umelala unaonekana mzima kabisa na unaweza kukuchanganya sana.

Kama umekatika mbele kwenye klipu ya katriji ni kazi ndogo. Toa klipu kwenye katriji kwa kibano, ukishika klipu yenyewe na sio waya. Ichomeke kwenye ncha ya njiti ya meno isimame, paka solda kwenye waya kwanza, paka kidogo kwenye klipu, alafu gusanisha kwa sekunde moja au mbili tu. Kamwe usichomee klipu ikiwa imevaa kwenye katriji, moto unapita kwenye kipini unaenda ndani na koili inakufa hapo hapo. Klipu ikiwa imelegea ibane kidogo kwa kibano huku njiti ya meno iko katikati yake ili isije ikafungana kabisa.

Kama umekatika ndani itabidi upitishe waya mpya. Waya ule wa zamani usiuchomoe hivi hivi! Funga uzi mwembamba imara kwenye mwisho wake, vuta waya utoke upande wa pili, uzi ubaki ndani ya bomba, alafu funga waya mpya kwenye uzi na uvute kurudi. Waya za mikono zimepakwa rangi ya kuzuia umeme, kila kinyuzi kivyake, kwa hiyo solda haishiki mpaka uichome hiyo rangi kwa ncha moto yenye tone la solda na fluksi (dawa ya kusaidia solda ishike). Ukiona solda inajikunja inakuwa kidonge na haisambai, rangi bado ipo. Na pale kwenye shina acha kitanzi kidogo cha waya kilicholegea. Waya ukikazwa pale unakuwa springi, unauvuta mkono upande mmoja, utahangaika na antiskeiti wiki nzima bila kujua tatizo ni waya.

Vitu vidogo vidogo

Uzito wa nyuma ukiinama, ni kwa sababu kati ya mkia (kile kipande cha nyuma kinachobeba uzito) na bomba kuna mpira na huo mpira umekauka au umeyeyuka. Toa mkia, safisha mabaki, weka mpira mpya wa saizi ile ile au zungushia mpira wa kusinyaa kwa moto tabaka mbili tatu mpaka ukae unyoofu na usicheze.

Lifti ikiuangusha mkono kwa kishindo, grisi yake ya silikoni imeisha. Toa kile kipini cha lifti, futa kwa spiriti, paka kidogo silikoni nzito ile ya damper (ya kupunguza kasi), rudisha. Mafuta ya cherehani hayafanyi kazi hapa, ni mepesi mno.

Kishikio cha kidole kimekatika? Gluu ya kukauka haraka inatosha, ila katriji iwe mbali, chumba kingine ikiwezekana, mvuke wa ile gluu unaganda juu ya vitu kama ukungu mweupe na hutaki ukungu huo kwenye ncha ya sindano.

Bomba likipinda, usilinyooshe. Alumini ikishakunjika hata ukiinyoosha inabaki na udhaifu pale, na ile pembe ya hedisheli iliyopimwa kiwandani huwezi kuirudisha kwa macho. Kwenye zile mashine ndogo za plastiki za kila kitu ndani, bomba likipasuka unaweza kuligandisha kwa epoksi na kijiti cha chuma ubavuni na litapiga, lakini nisingeweka juu yake santuri ninayoipenda.

Kubadilisha mkono mzima

Kama mashine yako ni ya otomatiki, ile inayonyanyua mkono yenyewe santuri ikiisha, chukua mkono wa modeli ile ile tu, labda kutoka kwenye mashine nyingine iliyokufa mota. Chini ya mkono kuna vyuma vinavyoshikana na gia na kila modeli ina vyake, mkono wa modeli nyingine utaingia kwenye tundu lakini hautaongea na gia.

Mashine ya mkono, isiyo na otomatiki, unaweza kuchagua, na hapa kuna kipimo kimoja ambacho ukikikosea hakuna fundi atakayekuokoa: umbali kutoka katikati ya kile chuma cha katikati ya sahani mpaka katikati ya shina la mkono. Kila mkono umetengenezwa kwa umbali wake. Technics SL-1200 ni milimita 215, na kutoka shina mpaka ncha ya sindano ni 230, maana yake sindano inapita katikati ya sahani kwa milimita 15. Mikono ya Rega ya aina ya RB300 inataka kama 222. Sasa ukichukua wa Rega ukauweka kwenye tundu la Technics umekosa milimita 7, na zile nafasi za kusogeza katriji kwenye hedisheli zinakupa milimita chache tu. Kwa hiyo pima kwanza, tena mara mbili, na uangalie tundu lenyewe, Rega wa zamani unataka tundu moja la mviringo na nati kubwa chini, SME unataka tundu refu la kuteleza. Ubao wa kubadilishia unaweza kukatwa lakini umbali lazima utoke sawa.

Cha pili ni mkono na katriji kuendana. Katriji yenye sindano laini inataka mkono mwepesi, yenye sindano ngumu inataka mkono mzito. Hesabu yake sio ngumu: jumlisha uzito-tendaji wa mkono (ule uzito ambao sindano inauhisi mkono ukisogea), uzito wa katriji na skrubu kwa gramu, zidisha na namba ya ulaini wa sindano iliyo kwenye karatasi ya katriji, tafuta kipeuo cha pili, alafu gawa 159 kwa jibu hilo. Mfano mkono 12, katriji 7, skrubu 1, jumla 20, ulaini 12, unapata kama 10 Hz, hiyo ndo kasi ya mtikisiko wa asili wa mkono na katriji vikiwa pamoja. Ukiwa kati ya 8 na 12 uko salama. Chini sana mkono unacheza na kila santuri iliyojikunja, juu sana unaingia kwenye besi ya muziki. Angalia tu kwamba katriji nyingi za Japani wanaandika ulaini uliopimwa kwa 100 Hz, ule wa 10 Hz ambao hesabu inautaka huwa mkubwa zaidi ya huo.

Kutoa mkono wa zamani: toa mkeka, sahani, uzito wa nyuma na hedisheli, funga mkono kwenye kishikio kwa selotepu ya karatasi, geuza mashine juu ya sponji nene, fungua kifuniko cha chini. Utaona waya za mkono zinaishia kwenye kibao kidogo, zitoe solda moja moja na uandike rangi. Alafu legeza skrubu au nati za kitako huku mkono wako mmoja umeushika mkono kwa juu, usije ukadondoka ukitoka. Kuweka mpya ni kurudi nyuma hatua zile zile, ila usikaze kitako moja kwa moja, pima kwanza ule umbali tena.

Na usisahau waya wa tano, wa ardhi, kwenye mikono mingi ni mweusi. Mita ikitoka kwenye chuma cha mkono mpaka kwenye kipini cha ardhi lazima isome. Isiposoma utapata mvumo mkubwa kwenye spika kila ukigusa mkono.

Kuseti

Funga katriji kwa skrubu za M2.5, matundu yake yako milimita 12.7 kutoka moja hadi jingine, zikaze nusu tu ziweze kuteleza. Fanya mkono uelee, weka namba kwenye 0, alafu zungusha mpaka uzito anaotaka mtengenezaji wa katriji na uhakikishe kwa kimizani. Ortofon 2M Red inataka gramu 1.8, Audio-Technica AT-VM95E inataka 2.0. Watu wanapunguza wakidhani wanaitunza santuri lakini sindano nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfereji na kuukwangua, bora uwe upande wa juu kidogo wa kile kiwango kuliko chini.

Sasa protrakta. Iweke kwenye sahani, ina nukta mbili, kwa ile pimo ya kawaida ni milimita 66 na 120.9 kutoka katikati. Sindano itue kwenye nukta na katriji ikae sambamba na mistari, pale na pale. Ukirekebisha moja nyingine inahama, unarudi, unahama tena, ni kazi ya subira na taa nzuri, usiifanye ukiwa na haraka. Zikikubali zote mbili kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu, alafu pima uzito tena kwa sababu katriji imesogea.

Angalia kwa pembeni sindano ikiwa juu ya santuri, mkono ulale sambamba na santuri. Weka kioo kidogo chini ya sindano, uangalie kwa mbele, katriji na kivuli chake vinyooke mstari mmoja, visivunjike katikati. Antiskeiti anza na namba sawa na uzito wa sindano.

Piga santuri usiyoijali kwanza, na usikilize nyimbo za mwisho kabisa karibu na lebo maana ndo mahali ambapo kosa linajitokeza. Herufi za s zikikwaruza pande zote mbili, rudi kwenye protrakta. Zikikwaruza upande wa kulia tu, ongeza antiskeiti kidogo, za kushoto tu, punguza. Acha santuri iishe kabisa mpaka ule mfereji wa mwisho wa kuzunguka, uone mkono unafika pale bila waya kuuvuta. Baada ya siku chache za kutumia pitia tena nati ya kitako na skrubu za katriji, zikiwa zimelegea zikaze na upime uzito wa sindano upya.